Mpango wa chakula wa Disney: fanya hesabu ya sahani yako kabla ya kulipa

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wetu walisema hivyo wakati biashara ilikuwa ya majahazi na pishi za mtama, na leo maneno hayo yanafaa hata kwa safari ya kuwapeleka watoto kumtazama Mickey Mouse.

Siku hizi karibu kila mtaa wa Pwani una jamaa Ughaibuni. Kuna walioko Marekani, Uingereza na Kanada, na walioko Ghuba ni wengi zaidi. Watoto wao wakifunga shule, safari inayotajwa sana ni ya Disney. Wengine humwalika mzazi kutoka nyumbani aende nao, na hapo ndugu wa huku nao huchangishwa. Kabla safari haijaiva, tovuti ya hoteli humuuliza mwenye kulipa swali moja: je, ungependa kulipia chakula chote mapema?

Swali hilo limenifikia mara kadhaa kutoka kwa jamaa na wasomaji, na kila mmoja anataka jibu la ndiyo au la. Jibu langu ni kwamba mpango ule una bei moja, lakini familia hazili sawa. Ulipangwa kwa mtu anayekula kila kitu na kunywa kila kitu. Muislamu anayeacha pombe, anayeepuka nguruwe na anayeuliza nyama imechinjwa vipi, anaulipia kwa bei ile ile na kupata pungufu. Hata hivyo, ziko familia zetu ambazo utazifaa. Hapa nitaeleza unavyofanya kazi, kisha tupige hesabu pamoja.

Mpango wenyewe ni upi

Ninayoizungumzia ni Walt Disney World iliyoko karibu na Orlando, jimbo la Florida. Mpango wa chakula ulisimamishwa mwaka 2020 wakati wa korona na ukarudi Januari 2024, ukiwa wa aina mbili.

Aina ya kwanza ni ya vyakula vya haraka, vile unavyoagiza kwenye kaunta na kubeba mwenyewe kwa sinia. Kwa kila usiku unaolala hotelini, kila mtu anapata milo miwili ya kaunta, kitafunio kimoja, na kikombe kimoja cha kujazia vinywaji kwa safari nzima. Bei ya mwaka 2024 ilikuwa dola 57.01 kwa mkubwa na dola 23.83 kwa mtoto, kwa kila usiku.

Aina ya pili ina mlo mmoja wa kaunta na mlo mmoja wa mezani, yaani mgahawa wa kukaa na kuhudumiwa, pamoja na kitafunio na kikombe kile kile. Bei yake mwaka huo ilikuwa dola 94.28 kwa mkubwa na dola 29.69 kwa mtoto.

Bei hubadilika kila mwaka na kwa kawaida hupanda, kwa hivyo angalia bei ya mwaka wako. Mimi nitatumia hizi za 2024 kuonyesha njia ya kuhesabu.

Milo hiyo huhesabiwa kwa pointi. Ukilala usiku tano, kila mtu ana pointi za usiku tano, na familia inaweza kuzitumia siku yoyote. Unaweza kula mara tatu leo na mara moja kesho. Lakini ikifika usiku wa manane wa siku unayotoka hotelini, pointi zilizobaki zinakufa, wala hurudishiwi pesa.

Masharti ambayo wengi huyaona wakiwa wamekwisha lipa

Kwanza, mpango huu ni wa wageni wanaolala katika hoteli za Disney zenyewe, na hununuliwa pamoja na kifurushi cha safari. Ukifikia kwa jamaa mjini Orlando, au ukipanga nyumba Kissimmee, huwezi kuununua. Kwa wengi wetu wanaofikia kwa ndugu, mjadala unaishia hapa.

Pili, wote walio kwenye nafasi moja ya chumba, kuanzia miaka mitatu, lazima wawe kwenye mpango mmoja. Huwezi kumlipia baba na watoto ukamwacha bibi.

Tatu, kwa Disney mtoto ni wa miaka 3 hadi 9. Akifikisha miaka 10 analipiwa kama mkubwa, hata kama bado anaacha nusu ya sahani. Aliye chini ya miaka mitatu halipiwi wala hapewi pointi. Anakula kwenye sahani ya mzazi.

Nne, "mlo" una mipaka. Mlo wa kaunta ni chakula kikuu na kinywaji kimoja. Mlo wa mezani ni chakula kikuu, kitindamlo na kinywaji, au bufee nzima kama mgahawa ni wa bufee. Vyakula vya kuanzia havimo. Kisha iko migahawa ya hadhi ya juu inayokula pointi mbili za mezani kwa mlo mmoja. Ukila huko mara moja, umemaliza pointi za siku mbili.

Hesabu ya familia ya watu watano

Binamu yangu anaishi Columbus, Ohio, na mumewe na watoto wawili: mvulana wa miaka 12 na msichana wa miaka 7. Walitaka kumchukua mama yake, ambaye ni shangazi yangu, katika safari ya usiku tano. Pesa walikuwa wameziweka kidogo kidogo kwa miaka miwili. Akaniambia, "Kaka, wewe ndiye mtu wa madaftari, tupigie hesabu." Nikampigia.

Kwa sheria ya Disney familia hiyo ina wakubwa wanne, kwa sababu mvulana wa miaka 12 ni mkubwa, na mtoto mmoja. Mpango wa vyakula vya haraka ni dola 251.87 kwa usiku, yaani dola 1,259.35 kwa usiku tano. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hiyo ni takriban shilingi 162,500. Mpango wenye mlo wa mezani ni dola 406.81 kwa usiku, jumla dola 2,034.05, au takriban shilingi 262,400. Hiyo ni pesa ya chakula pekee. Tiketi za kuingia, chumba na ndege viko mbali.

Sasa tuweke upande wa pili: wangelipa kiasi gani bila mpango? Disney huweka menyu na bei zake wazi kwenye tovuti, kwa hivyo huhitaji kukisia. Nilichukua makadirio ya wastani: chakula cha kaunta dola 15, soda dola 5, kitafunio dola 7. Mkubwa anayekula milo miwili na kitafunio kimoja anafika dola 47. Ongeza kodi ya mauzo, ambayo ni asilimia 6.5 katika Kaunti ya Orange, anafika dola 50 na senti chache. Usisahau kodi hiyo, maana bei ya mpango huwa imeshaijumuisha, na bei ya menyu huwa haijaijumuisha.

Baba, mama na kijana kila mmoja ni dola 47 kabla ya kodi. Shangazi ni mtu wa mlo mmoja wa maana kwa siku, samaki au mboga, na kipande cha tunda. Nilimwekea dola 25. Msichana wa miaka 7 anakula milo miwili ya watoto, ambayo huja na kinywaji chake, na kitafunio. Nilimwekea dola 24. Jumla ni dola 190, na kodi ikiingia ni dola 202.35 kwa siku. Kwa siku tano ni dola 1,011.75.

Tofauti ni dola 247.60, karibu shilingi 32,000, ambazo familia ingelipa zaidi kwa kununua mpango. Kinachopungua upande wa kulipa taslimu ni vile vikombe vya kujazia, ambavyo nitavieleza hapa chini.

Tazama pia hasara inatoka wapi. Karibu dola 152 kati ya hizo ni za shangazi peke yake. Mama wa watu anayekula kidogo na anayechagua anakula nini, analipiwa sawa na kijana wa miaka 12 anayeweza kumaliza baga mbili. Anayemwalika mzazi kutoka nyumbani na aliangalie hilo kwanza, kwa sababu watu wazima wetu wengi ndivyo wanavyokula.

Glasi usiyoinywa

Kuna jambo ambalo Waislamu wengi hawaligundui. Tangu mwaka 2018, mkubwa wa miaka 21 na zaidi aliye kwenye mpango anaweza kuchagua pombe kuwa kinywaji cha mlo wake: bia, glasi ya mvinyo, au koktaili pale inapouzwa. Anaifanya hivyo katika kila mlo bila kuongeza senti.

Rudi kwenye hesabu. Mkubwa anayekunywa soda anatumia kama dola 50 kwa siku, na mpango unamtoza 57. Amepoteza dola saba. Mkubwa anayekunywa bia ya dola 11 katika milo yote miwili, chakula chake kile kile kingemgharimu karibu dola 63 taslimu. Huyo amepata faida ya dola sita. Wote wawili wamekaa kwenye meza moja, wamekula chakula kimoja, wamelipa bei moja. Kinachomfanya mmoja afaidike ni glasi.

Ndiyo maana nikisoma makala za Wamarekani zinazosema mpango "unalipa", huwa naangalia mwandishi alikunywa nini. Mara nyingi faida yake imetoka hapo. Sisemi kwamba kununua mpango ni haramu kwa sababu pombe ni moja ya chaguo. Hilo ni la wanavyuoni na mimi si mmoja wao. Ninalosema ni la daftari: usilipie kitu ambacho hutakigusa, kisha ukaambiwa umeokoa pesa.

Nyama, halali na maswali ya mezani

Kaunta za Disney zinauza zaidi baga, kuku wa kukaanga, piza na soseji. Nyama ya kawaida pale haina chinjo la halali. Wapo wanaofuata kauli kwamba chakula cha Ahlul Kitabu kinajuzu, na wapo wasiokula mpaka wajue nani alichinja na alichinja vipi. Kila nyumba ina msimamo wake na sitaki kuwaingilia. Lakini msimamo wako ndio unaoamua thamani ya mpango.

Familia isiyokula nyama isiyochinjwa kihalali itabaki na samaki, kamba, saladi, piza ya jibini na vyakula vya mboga. Vipo, na vingine ni vizuri. Ila mara nyingi sahani ya mboga ni ya bei ya chini kwenye menyu, na pointi yako ni ile ile moja. Mwenzako ametumia pointi kwa sahani ya dola 18, wewe umeitumia kwa sahani ya dola 12.

Hata kwenye mboga, uliza. Wamarekani hupika maharage na baadhi ya mboga za majani kwa vipande vya nguruwe. Chipsi zinaweza kukaangwa kwenye mafuta yaliyokaangiwa vitu vingine. Baadhi ya pipi laini na vitindamlo vina jelatini ya nguruwe. Sosi nyingine huwekwa mvinyo. Migahawa ya mezani huwa tayari zaidi kusikiliza kuliko kaunta zenye foleni. Ukiweka nafasi, andika kwamba mnakula halali, na mkifika mezani mseme tena. Ikiwa kupata nyama halali ndilo sharti lako la kwanza, uliza kabla ya kulipa, mgahawa kwa mgahawa. Ukilipa kwanza ukauliza baadaye, huenda ukawa umechelewa.

Na wanaopanga kubeba sambusa kutoka nyumbani wajue kwamba forodha ya Marekani huzuia nyama, hata ikiwa imeshapikwa. Kila chakula unachobeba kitaje kwenye fomu.

Pale ambapo mpango una hoja

Nisiwe kama muuza samaki anayesifu wake tu. Kuna familia ambazo mpango huu utazifaa, na siri iko kwa watoto wadogo.

Disney ina bufee ambazo wahusika kama Mickey na Donald Duck huzunguka mezani, kuwakumbatia watoto na kupiga nao picha. Bufee hizo ni ghali: mkubwa anaweza kulipa dola 60 au zaidi, na mtoto dola 35 au zaidi. Sasa tazama mpango wa mezani. Mtoto analipiwa dola 29.69 kwa siku nzima. Bufee moja tu imeshavuka bei hiyo, kabla hujahesabu mlo wa kaunta na kitafunio. Hapo mtoto amewashinda.

Mkubwa ni hadithi nyingine. Katika dola 94.28 zake, toa mlo wa kaunta, kitafunio na kodi, kama dola 29. Zinabaki dola 65 ambazo lazima mlo wa mezani uzifikie ndipo asipate hasara. Bufee ya wahusika inaweza kufika. Sahani ya samaki ya dola 30, soda na kitindamlo katika mgahawa wa kawaida haifiki hata dola 50.

Kwa hiyo ukiwa na watoto watatu wa kati ya miaka 3 na 9, na mnataka kula na wahusika karibu kila siku, mpango wa mezani unaweza kukuokolea pesa nzuri hata bila pombe. Tena kwa wageni wa mwaka 2026, Disney ilitangaza kwamba watoto wa umri huo watapata mpango bure iwapo wenzao wa miaka 10 na zaidi kwenye kifurushi wananunua. Baba, mama na watoto watatu wadogo wapige hesabu hiyo kwa makini, maana huenda ikawageukia vizuri. Baba, mama, vijana wawili na bibi ofa hiyo haiwagusi.

Faida nyingine si ya hesabu. Wapo wanaotaka safari iliyolipwa yote, mtoto akiomba aiskrimu baba asitazame mkoba. Waliofanya kazi katika hoteli za Diani na Malindi wanawajua wageni wa namna hiyo, wale wanaovalishwa kitambaa cha mkononi na kula bila kuuliza bei. Utulivu huo una thamani. Ila ujue bei yake, ununue ukijua. Kwa familia ya binamu yangu bei ya utulivu ilikuwa karibu shilingi 32,000, na mumewe akasema kwa kiasi hicho yuko tayari kutazama mkoba.

Gharama zinazojificha

*Bahashishi.* Marekani mhudumu wa mezani hutegemea bahashishi, na desturi ni asilimia 18 hadi 20 ya hesabu. Mpango hauilipi. Meza ya dola 220 inataka kama dola 40 mfukoni mwako. Jioni tano za namna hiyo ni dola 200 ambazo hazikuwa kwenye bei uliyoambiwa. Mkiwa sita au zaidi, asilimia 18 huongezwa moja kwa moja.

*Nafasi za mezani.* Kuwa na pointi si kuwa na meza. Nafasi hufunguliwa siku 60 kabla, na bufee za wahusika hujaa upesi. Usipotokea bila kughairi mapema, unatozwa kama dola 10 kwa kila mtu. Anayenunua mpango wa mezani wiki mbili kabla ya safari anaweza kubaki na pointi za ghali asipate pa kuzitumia.

*Kikombe cha kujazia.* Kinauzwa zaidi ya dola 20 na hujazwa soda, chai au kahawa hotelini tu. Ndani ya bustani za michezo, ambako mnashinda kutwa, hakijazwi. Anayetoka asubuhi na kurudi usiku kitamfaa kwa kikombe kimoja cha chai.

*Israfu.* Siku ya mwisho wenye pointi zilizobaki huzibadilisha kwa mifuko ya pipi na bisikuti ili zisife. Mkoba unajaa sukari ambayo hakuna aliyeitaka. Kwa watu waliofundishwa kwamba kula na kunywa kuna mpaka, hilo peke yake ni la kufikiriwa.

*Ramadhani.* Anayefunga safarini anaweza kuzitumia pointi zake usiku, lakini kaunta nyingi hufungwa pamoja na bustani. Angalia saa za kufunga kabla ya kuzitegemea kwa futari na daku.

Harambe, mji wetu wa kuigizwa

Kwa msomaji wa Pwani, Disney ina kona ambayo itamchekesha. Katika bustani ya Animal Kingdom, iliyofunguliwa Aprili 22, 1998, kuna mji wa kubuni unaoitwa Harambe. Ni bandari ya Afrika Mashariki iliyojengwa Florida, yenye kuta za kufanana na mawe ya matumbawe na mabango ya Kiswahili. Wabunifu wake walichota sura yake kutoka miji yetu, Lamu ikiwemo.

Mgahawa wa bufee wa hapo unaitwa Tusker House. Mkenya akilisikia jina hilo atasita mlangoni, lakini huko maana yake ni ndovu, na wenyeji wa meza ni Donald Duck na wenzake. Karibu na hapo iko hoteli ya Animal Kingdom Lodge, iliyofunguliwa 2001, yenye mgahawa wa bufee uitwao Boma, wa mezani uitwao Sanaa, na wa hadhi ya juu uitwao Jiko. Boma huchukua pointi moja, Jiko huchukua mbili.

Kwa familia isiyo na mpango, Sanaa ni pazuri pa kuanzia. Wanajulikana kwa sinia ya mikate, naan na wenzake, inayoletwa na achari na chatini za aina nyingi. Haina haja ya nyama, watu kadhaa wanaweza kuigawana, na dirishani twiga na punda milia wanapita. Bibi wa Mji wa Kale hatashangaa na chatini, lakini atafurahi kuwaona wajukuu wakizigombania.

Njia ya tatu: kula bila mpango na bila njaa

Wengi hawajui kwamba Disney inaruhusu kuingia na chakula chako. Masharti ni kwamba usibebe chupa za kioo, pombe, barafu iliyo wazi, wala chakula kinachohitaji kupashwa moto. Mahamri, mayai ya kuchemsha, matunda, mikate ya tuna, karanga na tende, vyote vinapita. Na kaunta zenye mashine ya soda hukupa kikombe cha maji ya barafu bure ukiomba. Kwa joto la Florida, familia ya watano inayokunywa maji badala ya soda inaokoa kitu cha maana kila siku.

Vyumba vya kawaida vya hoteli havina jiko, lakini vina friji ndogo, na maduka huleta bidhaa hadi hotelini. Kiamsha kinywa mkila chumbani, mmeshapunguza theluthi ya tatizo. Mji wa Orlando wenyewe una Waislamu na migahawa ya halali. Aliye na gari anaweza kupanga jioni moja au mbili huko.

Familia ya binamu yangu iliamua hivi: kiamsha kinywa chumbani, mchana chakula cha kubeba au cha kaunta, na bufee moja ya wahusika kwa ajili ya yule msichana, wailipie taslimu. Shangazi akanunuliwa samaki alipotaka samaki.

Jamaa wa Uingereza ambao huenda zaidi Disneyland Paris watakuta mipango ya namna yake, ya kiamsha kinywa na mlo mmoja au milo miwili. Na Mei 2025 Disney ilitangaza kwamba bustani yake itajengwa Abu Dhabi, kwenye kisiwa cha Yas. Ikifunguliwa, suala la nyama litakuwa jepesi kwa wetu walioko Ghuba. Hesabu ya nani anakula nini itabaki ile ile.

Maswali ya kujibu kabla ya kubonyeza "lipa"

1. Je, mnalala hoteli ya Disney? Kama la, acha.
2. Ni wangapi wa miaka 3 hadi 9, na ni wangapi wa miaka 10 na zaidi? Wadogo wakiwa wengi kuliko wakubwa, endelea kuhesabu. Wakubwa wakiwa wengi, tahadhari.
3. Nani katika safari anakula kidogo? Mtajie bei yake ya kila usiku kwa sauti, uone kama bado inakubalika.
4. Mnakula nyama ya kawaida ya huko, au halali tu? Kama ni halali tu, je, umeshauliza migahawa unayoitaka?
5. Mnataka bufee za wahusika ngapi, na je, nafasi zake bado zipo?
6. Je, umeweka kando bahashishi?
7. Fungua menyu, andika atakachokula kila mtu kwa siku moja ya kweli, soda au maji bila pombe, ongeza asilimia 6.5, linganisha na bei ya mpango ya mwaka wako. Kazi hiyo haimalizi nusu saa.

Jibu la swali la saba likiwa juu ya bei ya mpango, nunua na uende kwa amani. Likiwa chini, weka tofauti hiyo kwenye bahasha ya safari. Itanunua siku moja zaidi ya tiketi, au itamnunulia mzazi viatu vizuri vya kutembelea, maana bustani zile ni kubwa na hakuna mpango wa chakula unaopunguza mwendo.